Kadi Nane Zilizopotea Njia

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si hakimu katika habari hii. Niko upande wake tangu neno la kwanza, na anayetaka hadithi ya kupima pande zote mbili akatafute msimulizi mwingine.

Tulimwita Milimita. Ndiye mwanamke mkata karatasi wa kiwanda chetu cha uchapaji: chumba kimoja kirefu, mashine mbili za kuchapia mbele, mashine ya kukatia katikati, na huku nyuma karibu na dirisha, meza yangu mimi mshona vitabu. Jina alilipata kwa ugomvi. Ukimpelekea rundo la majalada yaliyopishana hata kidogo, atalirudisha mezani kwako, aweke rula ya chuma juu yake, akuonyeshe kwa ukucha. Mpiga chapa wetu alizoea kusema kwamba siku Milimita akifa itabidi kaburi lipimwe mara mbili, la sivyo atakataa kuingia. Mwenyewe aliucheka mzaha huo, kisha akamrudishia mpiga chapa majalada yake.

Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na watoto wawili wa kaka yake, na kwake hao walitosha. Wa kike tulimbandika jina la Bibi Maswali, kwa sababu kila alipokuja na baba yake pale kiwandani hakumwacha mtu apumue. Kwa nini wino unanuka? Kisu hiki mbona hakina mpini? Wewe nani alikufundisha kushona? Wa kiume alikuwa bado mdogo, mashavu yamemjaa, nasi tukamwita Mashavu, basi.

Kaka mtu alifariki ghafla, miezi miwili kabla ya Pasaka. Pasaka ile ilimkuta mjane akifunga mizigo arudi kwao, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Jumamosi kabla ya sikukuu Milimita akawaleta watoto kiwandani. Mashine zilikuwa zimezimwa. Akawaketisha juu ya meza yangu bila kuniomba ruhusa, akasema leo tunatengeneza kadi.

Alichukua mabaki ya manila ya majalada ya daftari, ya njano na ya buluu, akayakunja katikati kwa mfupa wa kukunjia mpaka mkunjo ukanyooka. Mbele akachora kuku aliyelala kiotani. Akampasua tumbo kwa wembe, nyuma ya mpasuo akabandika mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko zikaingia pipi tatu za mviringo zilizofungwa kwa karatasi za rangi. Zilichungulia pale tumboni, ungeapa ni mayai. Mpaka hapo hata mimi ningeweza. Kilichobaki ndicho kilichokuwa chake peke yake. Chini ya mfuko alipitisha ukanda wa karatasi aliouita ulimi. Mwisho wa ulimi aliukata sawasawa na ukingo wa kadi, hauzidi wala haupungui, hata ukipitisha kidole hutambui kama pana kitu. Aliyefundishwa anatia ukucha, anavuta, na kifaranga kinatoka chini ya kiota. Nyuma ya kifaranga pana jina la mtoto, swali moja, na nafasi ya kujibu.

Wakapatana hivi: pipi ni za kula, kadi ni ya kuweka, na ulimi ukishajibiwa unachomolewa wote na kurudishwa kwa shangazi. Ni siri yao watatu, wala mama asiambiwe. Bibi Maswali akauliza, je, huyu mshona vitabu, si ameona? Milimita akamjibu kwamba mshona vitabu hahesabiki, mdomo wake umeshonwa.

Wakahama. Sasa kati ya Milimita na wifi yake palikuwa na kijineno kilichobaki kutoka msibani, kuhusu saa ya mkono ya marehemu, jambo la kipuuzi ambalo watu husemezana kwa sababu wameshindwa kusema lile kubwa. Kingekwisha kwa kikombe cha chai. Lakini Milimita anafanya kazi siku sita, na majuma ya kabla ya sikukuu ndiyo ya msongamano kwetu, kila mtu anataka kalenda, kadi, vipeperushi. Mwenye nafasi ya kufika kule alikuwa mdogo wake wa kike. Huyu alifanya kazi ofisi ya bima, kitengo cha madai, na ofisi ilimtuma mji ule karibu kila mwezi. Akawa yeye ndiye daraja. Aliporudi safari ya kwanza alimwambia dada yake kwamba wifi bado ana kinyongo, asimpigie simu kwanza, ampe muda.

Muda huo ukawa miaka minne, ukaingia wa tano.

Kila mwaka, majuma matatu kabla ya Pasaka, Milimita alibaki na mabaki yake ya manila baada ya kazi. Kadi mbili tu, lakini ungedhani anajenga nyumba. Alichagua pipi dukani kwa kuzipima kwa rula, zisije zikachana tumbo la kuku. Mdogo mtu alizipitia Jumamosi, akaondoka nazo mkobani, na baada ya sikukuu akarudi na habari. Mashavu alizunguka ua mzima na kadi yake. Bibi Maswali amelala nayo chini ya mto. Milimita alisikiliza kwa kiganja shavuni, akichekelea. Kisha alikuwa akiuliza neno moja, na mimi niliyejua maana yake nilikuwa nainamia sindano yangu: hawakukupa kitu uniletee? Mdogo mtu alijibu kwamba watoto wa siku hizi, dada, unawajua mwenyewe.

Mwaka wa tatu nilimwambia aachane nao, watoto wakikua husahau. Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia kwamba mtoto hajasema hataki, na mpaka aseme hataki, kadi itakwenda.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Pasaka, akaingia mteja. Mama wa makamo, mpole, amevaa vizuri, mkuu wa ofisi ya bima. Alitaka kadi mia mbili za watoto wa wateja wake, na alikuwa na sampuli. Akaitoa mkobani akaiweka kwenye meza ya kukatia. Kuku wa njano kwenye kiota cha buluu, tumbo limepasuliwa, mfuko mtupu.

Nilisimama. Milimita hakusogea. Aliitazama kadi, kisha akauliza kwa adabu kabisa:

"Hii umeipata wapi, mama?"

"Kuna msichana wangu pale ofisini, yule wa madai. Kila mwaka anawatengenezea wanangu wawili kwa mikono yake. Mimi nimempenda kwa hizi kadi. Sijamwambia kama nimekuja, nataka nimshtukize."

Milimita akaigeuza kadi. Akatia ukucha ukingoni, akavuta. Kifaranga kikatoka. Yule mama akashtuka, akasema mbona kadi hii iko nyumbani kwake tangu mwaka jana, wanawe wameichezea mpaka imechoka, na hakuna aliyejua kama ina kitu ndani. Akainama akasoma kwa sauti kilichoandikwa pale nyuma: "Bibi Maswali, bado unaogopa radi? Nijibu hapa. Shangazi." Akauliza Bibi Maswali ni nani.

Mimi ndiye niliyemweleza, maana Milimita alikuwa amekaa juu ya rundo la karatasi, mikono mapajani, na sikuwahi kumwona akikalia karatasi. Yule mama hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hataki tena zile mia mbili, na kesho yake asubuhi alirudi na bahasha. Alikuwa amewapekua wanawe makabati. Zilipatikana saba kati ya nane, moja ya Mashavu ilimwagikiwa chai ikatupwa. Tukavuta ndimi moja moja. Jino limeota? Rafiki yako mpya ni nani? Mashavu, siku hizi unavaa viatu namba ngapi, dada yako akusomee. Chini ya kila swali, nafasi ya jibu ilikuwa safi, karatasi nyeupe vilevile kama ilivyotoka kiwandani.

Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Kama angekuwa mkataji wa kawaida, mtu wa kukosea kama sisi wengine, ulimi mmoja ungechungulia milimita moja nje ya ukingo. Mtoto wa yule mama angeuvuta mwaka ule wa kwanza, angesoma jina lisilo lake, na uongo ungefia palepale. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilirefushwa na mikono ya aliyedanganywa, kwa uhodari wake mwenyewe.

Siku hiyo alikata majalada mia tatu kombo. Mpiga chapa aliyaona, akayabeba akayaficha.

Jumamosi mdogo mtu akaja kuchukua kadi za mwaka huu, kama kawaida yake. Aliingia akinisalimia kwa bashasha, akavuta kiti. Milimita alimwachia amalize habari za kazini. Kisha akamuuliza, kama anayeuliza saa:

"Mwaka jana walizipokeaje?"

Mdogo mtu akatiririka. Bibi Maswali alifurahi mpaka akalia. Alizila pipi mbili, ya tatu akaiweka. Akaitazama kadi jioni nzima.

"Alivuta ulimi?"

"Ulimi gani?"

Milimita akafungua droo, akazipanga zile saba mezani, safu mbili, kingo zimelingana. Nilimwona mdogo mtu rangi ikimtoka. Kikulacho ki nguoni mwako, tunalisema kila siku tukicheka, lakini kuliona likitokea mbele ya macho yako, kwa watu waliolala kitanda kimoja mpaka ukubwani, si kitu cha kuchekesha.

Akaanza kujitetea, na nitayataja maneno yake yote ili nisije nikaambiwa nimemwonea. Mwaka wa kwanza safari iliahirishwa, sikukuu ikapita, kadi zikabaki mkobani. Watoto wa bosi walikuja ofisini wakizurura, akawapa ili zisiharibike. Bosi akamsifu mbele ya watu wote. Mwaka wa pili bosi akauliza zile kadi zako ziko wapi. Yeye alikuwa mtu mdogo pale ofisini, hakuna aliyekuwa akijua hata jina lake, na sasa alikuwa akiitwa kwenye mikutano.

"Ningesemaje, dada?"

"Ungesema ni za dada yangu."

Mimi sindano ilikuwa imeniingia kidoleni na sikuwa nimehisi.

"Ni karatasi tu," mdogo mtu akasema, sasa akilia. "Na mimi nilikuwa nawapelekea pipi, nzuri kuliko hizi, za dukani. Hawakukosa kitu."

"Na simu? Wifi ana kinyongo, usimpigie kwanza. Hayo aliyasema wifi, au ulinizuia wewe ili usikamatwe?"

Mdogo mtu akainamia mkoba wake, na huko kukawa kujibu. Milimita akakusanya kadi zake akazirudisha bahashani. Akamwambia mlango anaujua. Hakupaza sauti hata kidogo. Mimi ndiye niliyetaka kumpazia sauti kwa niaba yake, nikamtupia mdogo mtu jicho ambalo natumaini analiota mpaka leo. Akatoka, na Milimita akawasha mashine ingawa hapakuwa na kitu cha kukata.

Jumatatu ile aliomba ruhusa siku tatu, katikati ya msongamano. Bosi wetu alifungua kinywa akatae, akamtazama usoni, akakifunga. Milimita akaniomba nimsindikize. Aliniambia anaogopa, na nilikuwa sijawahi kumsikia akitumia neno hilo.

Tulifika mchana. Wifi alitufungulia na mikono yenye povu la sabuni, alikuwa akifua. Alituambia karibuni kwa sauti ya mtu asiyejua kama amekaribisha mgeni au mkosi. Tulikaa jikoni, kwenye meza ndogo yenye nailoni iliyobanwa kwa misumari. Milimita akaeleza, kwa ufupi, kama anayesoma hati ya kazi. Wifi alifuta mikono kwenye gauni mara tatu. Kisha akasema kwamba yeye kinyongo kilimwisha kabla hata mizigo haijafunguliwa. Ni mdogo mtu aliyemwambia kwamba Milimita ndiye asiyetaka kuwasikia, kwamba akiwaona watoto anamkumbuka marehemu na anaumwa, wamwache kwanza. Saa ya mkono aliitoa kwenye kopo la sukari lisilo na sukari. Ilikuwa imewekwa humo kwa ajili ya Milimita, miaka yote hiyo.

Wakatazamana wale wawili. Kama mdogo mtu angekuwa karibu, sijui wangemfanya nini.

Watoto walirudi kutoka shule. Mashavu, ambaye mashavu yamekwisha na miguu imerefuka, alitupa shikamoo na kusimama kando ya mama yake. Akaambiwa huyu ni shangazi. Akasema hapana, shangazi ni yule wa pipi. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa akisahihisha kosa. Milimita akatikisa kichwa kumkubalia, akampa kadi yake ya mwaka huu, na mtoto akaenda moja kwa moja kwenye tumbo la kuku.

Bibi Maswali alikuwa amebaki mlangoni na mkoba wake mgongoni. Miaka kumi na moja sasa, mrefu, macho ya baba yake. Na hakuuliza swali hata moja, jambo lililonitisha kuliko yote. Alipokea kadi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama unavyopokea kitu kwa mgeni. Hakuzigusa pipi. Aliigeuza. Akapitisha ukucha taratibu ukingoni, akapapata pale mahali, akavuta.

Kifaranga kikatoka. Mwaka huu Milimita alikuwa ameuliza: bado unanikumbuka?

Mtoto aliusoma mara mbili.

"Ule ulimi wa kwanza niliupoteza," akasema. "Wakati tunahama. Nimeutafuta kwenye mizigo yote sikuuona. Nikajua ndiyo maana umeacha kutuletea. Nikajua umenikasirikia mimi."

Basi Milimita, ambaye hakulia mbele ya bosi wa bima, wala mbele ya mdogo wake, wala mbele ya saa ya kaka yake, alilia hapo, jikoni kwa watu, kwa sauti, na hakujificha. Sikumlaumu. Kuibiwa kadi ni kuibiwa kadi. Lakini mtoto wa miaka saba alikuwa amebebeshwa hatia isiyo yake, akaibeba mpaka miaka kumi na moja, na aliyembebesha alikuwa akija karibu kila mwezi na mfuko wa pipi, anambusu, anaondoka.

Bibi Maswali akauliza nani basi alizichukua. Mimi ningelitaja jina, na cheo, na mtaa anaokaa. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi. Milimita akaniwahi.

"Nilizituma na mtu asiyejua njia," akasema. "Kosa ni langu. Hukupoteza kitu, mwanangu."

Akafungua bahasha akamwekea zile nne zake mezani, zimechakaa, moja ina alama za vidole vya watoto wengine. Mtoto akavua mkoba, akatafuta penseli, akaichonga, akapuliza vumbi. Akaanza na ile ya zamani kuliko zote. Akavuta ulimi, akasoma: jino limeota?

Akaandika: Limeota zamani, shangazi.

Kisha akauchomoa ulimi wote, kama walivyopatana, akaukabidhi.